Kipande cha chuma kilichonionyesha macho ya baba

Simu ya mdogo wangu iliingia Ijumaa usiku, nikiwa namlaza mwanangu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

“Dada, kesho njoo Morogoro. Ila Baba asijue kama mimi ndiye nimekupigia.”

Nikamuuliza kama Mama anaumwa. Akasema hapana. Nikamuuliza kama amegombana na Baba. Akasema hapana. “Wewe njoo. Nitakuonyesha.”

Mzazi mwenzangu, nikueleze kwanza huyu mdogo wangu ni nani nyumbani kwetu. Ni mtoto wa mwisho. Alimaliza kidato cha nne akapata daraja la nne kwa taabu. Akarudia mtihani mara mbili kwa ada niliyolipa mimi, na mara zote mbili matokeo yalikuwa yaleyale. Kwenye vikao vya familia, jina lake likitajwa, watu walishusha pumzi. Mimi nilikuwa mfano wa kuigwa: nimemaliza chuo kikuu, naandika habari za afya gazetini, nahojiana na madaktari bingwa. Yeye alikuwa yule anayeshinda karakana kwa Baba, nguo zimejaa oili.

Baba mwenyewe hakupenda awe pale. Alianza kazi ya mitambo kiwandani tangu ujana wake, na kiwanda kilipofungwa alitumia mafao yake kununua mashine moja ya zamani ya milingi kwenye mnada. Mashine hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Lakini alitaka watoto wake washike kalamu. Alizoea kusema, “Chuma kimeshachukua mgongo wangu, kisichukue na wa kwenu.”

Jumamosi nikapanda treni ya asubuhi. Nilipofika Baba alifurahi, akanipokea mkoba.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mama. Mbona bila taarifa? Mjukuu wangu umemwacha na nani?”

Nikamwambia yuko na baba yake, mimi nimewakumbuka tu. Akacheka. Sikuona tofauti yoyote. Alikuwa amekonda kidogo, mvi zimeongezeka, lakini alikuwa Baba yuleyule.

Usiku, wazee walipolala, mdogo wangu akanichukua hadi karakana. Ni banda la bati nyuma ya nyumba, hatua 20 kutoka jikoni. Akawasha taa, akafungua sanduku chini ya meza, akatoa kipande cha chuma chenye ukubwa wa nusu tofali. Kilikuwa cha kutengenezea kalibu ya kuchapia sabuni, kazi ya mteja mmoja wa mjini.

“Hiki Baba amekimaliza jana. Kiangalie.”

Nikakiangalia. Kiling’aa, kimenyooka, kizuri. Nikasema sioni kosa.

Akachukua skwea, ule mraba wa chuma wa kupimia pembe, akaubana kwenye upande mmoja wa kipande na kuuinua kuelekea kwenye taa. Mwanga ukapenya chini ya skwea, mwembamba kama uzi, upande mmoja tu.

“Pembe siyo,” akasema. “Mteja akikipeleka kwenye kalibu, nusu mbili hazitakutana. Sabuni itatoka na ukingo mmoja mnene, mwingine mwembamba. Atakirudisha, na mjini ataeleza nani amekitengeneza.”

Huenda wewe unayesoma hujawahi kusimama mbele ya mashine ya aina hii, kwa hiyo nieleze kidogo, kwa sababu bila kuelewa kazi hutaelewa kilichotupata.

Kipande cha chuma kikitoka kwenye msumeno hakina upande hata mmoja ulionyooka. Fundi anatakiwa kukipatia nyuso sita zilizonyooka, zinazokutana kwa nyuzi 90 kila kona. Anakibana kwenye jiliwa, wenyewe wanaita vaisi, na kikatio kinachozunguka kinapita juu na kula uso mmoja baada ya mwingine. Vaisi ina taya mbili. Moja linatembea, jingine limetulia mahali pake. Hilo lililotulia ndilo linaloaminiwa, na kila kitu hupimwa kutoka kwake.

Fundi huanza na uso mpana zaidi. Akishaunyoosha, anaugeuza na kuulaza kwenye taya lililotulia. Upande wa pili, kati ya chuma na taya linalotembea, anaweka fimbo ya chuma ya duara, nyembamba kama kidole. Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza Baba fimbo ile ni ya nini. Akaniambia upande ule bado haujanyooka, na taya likiubana moja kwa moja litakipindua chuma kulingana na upotofu wake. Fimbo ya duara inagusa mstari mmoja tu, kwa hiyo uso uliokwisha kunyooka unapata nafasi ya kulala vizuri kwenye taya lake.

Hapo unakata uso wa pili. Kisha uso wa pili unaulaza chini, juu ya vipande viwili vya chuma vilivyolingana kimo, vinaitwa paraleli. Unagonga kwa nyundo laini hadi chuma kikae. Unajuaje kimekaa? Unajaribu kusogeza paraleli kwa kidole. Ikicheza, bado. Ikigoma, kata uso wa tatu. Uso wa nne unakatwa wa kwanza ukiwa chini. Ncha mbili zinabaki za mwisho, unakisimamisha chuma wima kwa skwea.

Kila uso unategemea uliotangulia. Ukikosea wa pili, wa tatu utafuata kosa hilo, na wa nne pia, ingawa mashine yenyewe haina tatizo lolote. Ndiyo maana kabla ya kubana, fundi husafisha vaisi kwa brashi kila mara. Chenga moja ya chuma, nyembamba kuliko ukucha, ikibaki kati ya taya na kazi, imeshakuharibia pembe.

“Anaacha chenga,” mdogo wangu akaniambia. “Kila siku. Na kila siku ni upande wa kushoto.”

Nikamuuliza tangu lini. Akasema miezi mitano. Kwa miezi mitano alikuwa akiamka usiku, anasahihisha kazi za Baba, anazirudisha mahali pake kabla ya alfajiri. Alikuwa hata akikata chuma ghafi kikubwa kwa milimita 2 kuliko kipimo cha mteja, bila Baba kujua, ili abaki na pa kusahihishia.

“Sasa kwa nini umeniita leo?”

Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na shati la kazi la Baba. Mkono wa kushoto ulikuwa umechanika karibu na kiwiko, mchano mrefu uliosokotwa.

“Jumatano. Kikatio kinazunguka, yeye anapeleka mkono kuchukua brashi. Hakukiona. Nikazima mashine. Akanigombeza, akasema nimemzimia kazi.”

Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimeshika lile shati. Kila mwezi wa Machi kuna Wiki ya Glakoma Duniani, na nimeiandikia miaka mitatu mfululizo. Nimeandika kwa mikono yangu kwamba ugonjwa huu, ambao wengi wanauita presha ya macho, huanza kwa kula pembezoni mwa uwezo wa kuona. Nimeandika kwamba aina inayowapata watu wengi haiumi, haiwashi, haina dalili mwanzoni. Nimeandika kwamba sisi wenye asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi, na kwamba umri ukivuka 40 ni vyema kupimwa. Katika miaka yote hiyo mitatu sikumuuliza baba yangu hata mara moja kama amepimwa macho.

Usiku ule mdogo wangu alikirudia kile kipande mbele yangu. Nilimtazama akipiga brashi, akipitisha kidole kwenye taya, akigonga, akijaribu paraleli, akikata kidogokidogo, akiondoa ukwarukwaru kwa tupa kila baada ya uso mmoja. Hakuvaa glavu, maana Baba alitufundisha kwamba mashine inayozunguka ikishika glavu inaondoka na mkono. Alivaa miwani. Alipomaliza, skwea haikupitisha mwanga popote. Ilikuwa saa nane usiku. Huyu ndiye kijana tuliyekuwa tukishusha pumzi kwa ajili yake.

Asubuhi nilisema naenda kukaa karakana na Baba, kama zamani. Nilimpelekea chai, nikasimama upande wake wa kushoto nikiwa nimenyoosha kikombe. Hakugeuka. Nikasubiri. Alipojigeuza kuchukua rula, kiwiko chake kikakipiga kikombe na chai ikamwagika yote.

“Aa, mama! Umefika saa ngapi hapo?”

Nikasema sasa hivi. Mama, aliyekuwa mlangoni, alinitazama. Baadaye aliniambia kwamba kwa karibu mwaka mzima Baba alikuwa akijikwaa kwenye kizingiti na kuwapita watu njiani bila salamu, hadi jirani mmoja akanuna. Mama alidhani ni uzee.

Tukamtazama akifanya kazi. Alikata uso wa kwanza vizuri. Akafungua vaisi, akapiga brashi. Kulia pakawa safi. Kushoto, pale taya linapokutana na paraleli, ikabaki chenga moja, inang’aa kabisa. Mimi niliiona, na mdogo wangu aliiona. Baba akaweka kipande, akaweka fimbo, akabana, akagonga, akawasha mashine.

Alipomaliza uso wa pili akachukua skwea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyofanya maisha yake yote.

“Iko sawa,” akasema.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijifanya mwandishi wa afya. Nikaanza, “Baba, nadhani macho yako yana tatizo, kitaalamu hali hii…” Hakuniacha nimalize.

“Nimekusomesha ili uje kunipima? Pembe hii naiona vizuri kuliko wewe unavyoona herufi zako.”

Nikanyamaza. Mdogo wangu hakusema neno. Alikwenda kwenye meza, akachana karatasi nyembamba vipande viwili, akampa Baba kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeisahau kabisa njia hiyo, ingawa Baba alitufundisha wote. Unaweka kipande kimoja cha karatasi chini ya skwea mwanzoni, kingine mwishoni, unabana skwea kwa utulivu, kisha unavuta karatasi. Pembe ikiwa sahihi, zote mbili zinashikwa. Kwa njia hii hutegemei macho wala mwanga, vidole ndivyo vinavyosikia.

Baba alitazama zile karatasi kwa muda. Nadhani alishaelewa. Akaziweka. Akavuta ya kwanza, ikashikwa. Akavuta ya pili, ikatoka yenyewe.

Akarudia. Ikatoka tena.

Akazima taa ya mashine, akakaa kwenye kiti chake. Muda mrefu hakuna aliyezungumza. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

“Umejua tangu lini?”

“Miezi mitano, Baba.”

“Na kazi zilizokwenda kwa wateja?”

“Nilizirudia.”

“Zote?”

“Zote, Baba. Nisamehe.”

Nilitegemea hasira. Baba aliinuka, akapita katikati yetu, akaingia ndani. Hakula mchana. Jioni Mama alimpelekea uji akaupokea. Siku mbili hakusema na mdogo wangu, na nilimsikia Mama akimwambia usiku, “Mtoto amekusitiri, wewe unamnunia.” Mimi niliomba ruhusa kazini, nikabaki.

Jumatano asubuhi alitoka amevaa shati la kwendea msikitini. Akaniambia, “Haya, twende huko unakotaka.”

Hospitali ya rufaa walimpima presha ya macho, wakamwangalia mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kisha wakamkalisha mbele ya mashine yenye umbo la bakuli. Unatazama katikati, na kila unapoona kitaa kinawaka pembeni unabonyeza kitufe. Baba alibonyeza kwa makini kama anayepima kazi. Alipotoka alijivuna: “Nimeviona vyote.”

Daktari akatuonyesha karatasi. Jicho la kushoto, upande wa nje wote ulikuwa mweusi, na weusi ule ulikuwa umeanza kusogea katikati. Jicho la kulia lilikuwa limeanza. Vitaa vingi vilikuwa vimewaka na kuzimika bila Baba kujua kwamba vipo.

Daktari alimweleza vizuri, bila kumtisha. Ubongo hujaza pengo, ndiyo maana mgonjwa haoni giza, anaona tu kwamba hakuna kitu pale. Ndivyo ilivyokuwa kwa chenga. Baba hakuwa mzembe. Kwake yeye, upande wa kushoto ulikuwa safi kila siku.

Alituambia pia jambo gumu zaidi. Kilichopotea hakirudi, si kwa matone, si kwa leza, si kwa upasuaji. Matibabu yanashusha presha ili kilichobaki kisipotee, na matone ni ya kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima. Baba aliuliza swali moja tu: kama anaweza kurudi kwenye mashine. Daktari akamwambia asikaribie tena kikatio kinachozunguka. Baba akaitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani, hakusema.

Mzazi, najua wengi mnasoma hapa kwenye simu mkiwa kwenye daladala au mkisubiri mboga iive, kwa hiyo yale ya kufanya nitayasema kwa ufupi.

Kama wewe au mzazi wako mmevuka miaka 40, mkapime presha ya macho hata kama mnaona vizuri. Kusoma herufi ubaoni peke yake hakutoshi. Omba daktari aangalie na mshipa wa nyuma ya jicho. Kama kuna mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa huu, usisubiri umri huo, kwa sababu unatembea katika familia.

Mtu akianza kujikwaa kizingitini, kugonga bega mlangoni, kumwaga vitu vilivyo pembeni yake au kupita bila kusalimia, usikimbilie kusema ni uzee au kiburi.

Usinunue dawa ya macho kienyeji. Baadhi ya matone ya kuondoa wekundu yana steroidi, na yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho. Na kwa wenye mafundi nyumbani: chenga ikiruka jichoni, usisugue, na usimruhusu mwenzake aitoe kwa njiti ya kiberiti. Mpelekeni hospitali.

Tumepimwa sote. Macho ya mdogo wangu yako salama. Mimi nimeambiwa mshipa wa jicho langu la kulia unahitaji kuangaliwa kila mwaka, na nimeshaweka tarehe. Mwanangu ana miaka mitatu. Atakapokua nitamweleza babu yake aliumwa nini.

Lipo na jambo jingine, nalo ni gumu kwangu kuliko la macho. Mimi mwenye cheti ndiye niliyekuwa na maarifa, lakini aliyeona ni yule tuliyemhesabu ameshindwa. Aliona kwa sababu alikuwa pale kila siku, akatazama mikono ya baba yake kwa makini. Alinyamaza miezi mitano kwa kuogopa kumvunjia heshima, na kunyamaza kule kungeweza kumgharimu Baba mkono. Simlaumu. Najiuliza tu ni nani kati yetu alimfanya aone kwamba neno lake halitasikilizwa mpaka nije mimi kulisema.

Sasa mashine ni yake. Ameomba kufanyiwa majaribio VETA kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ule wa mafundi waliojifunza kazini, ili naye apate cheti. Safari hii ada ameilipa mwenyewe.

Baba anashinda karakana, lakini kiti chake kimesogezwa mbali na kikatio. Matone anawekewa na mdogo wangu kila usiku saa tatu, kengele ya simu ikilia. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta akipokea kipande kilichokamilika. Hakukiinua kwenye mwanga. Alichana karatasi mbili, akaweka skwea, akavuta ya kwanza, akavuta ya pili. Zote ziligoma.

Akarudia mara ya tatu. Kisha akakiweka mezani, kwenye rundo la kazi za kupelekwa kwa wateja, akamwambia mdogo wangu, “Kingine.”